Babu Mkasi Anaachishwa Kazi kwa Kosa Langu

Mpendwa mshauri, barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana, hii ya nne naituma kabla sijabadili mawazo, naomba unisaidie.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule juzijuzi tu na sasa niko mwaka wa kwanza chuoni nasomea kompyuta, naishi kwa shangazi yangu mwenye karakana ya ushonaji ya cherehani nne, na muhula huu tunajifunza hifadhidata, yaani kupanga taarifa kwenye majedwali ili zisigongane, na mhadhiri alitaka kila mmoja atengeneze ya mahali pa kazi halisi, nami kwa kuwa naona haya kwenda kuomba kwa nisiowajua nikachagua kwa shangazi, nikahamisha vipimo vyote vya wateja kutoka kwenye daftari la Babu Mkasi, yule mzee anayekata vitambaa.

Tulifundishwa kwamba kila mtu kwenye jedwali awe na ufunguo, kitu cha kumtambulisha ambacho hakuna mwingine anacho, na kwa kuwa najua majina hufanana, nikajiona mjanja nikachagua nambari ya simu. Nikiwa naingiza, kompyuta ilikataa mara kumi na moja ikisema nambari hiyo ipo tayari, nami nikadhani ni mteja yuleyule aliyepimwa upya, nikafuta vipimo vya kwanza nikaweka vya pili, wala sikumuuliza mtu. Kumbe wapo watu wanaotumia simu moja.

Wiki iliyopita Babu, akifuata karatasi niliyoichapisha badala ya daftari lake, alikata gauni la mama mmoja kwa vipimo vya bintiye, ambaye ni mwembamba kama ufito, na mama alipokuja kulijaribu halikupita hata mabegani, na kitambaa alikileta mwenyewe, hakipatikani tena. Shangazi akamgeukia Babu mbele ya mafundi wote.

"Mzee, siku hizi unakata huku umesinzia?"

"Nimekata kilichoandikwa, mama."

"Kompyuta haisinzii, baba yangu. Anayesinzia hapa namjua."

"Mfungieni taa kwenye mkasi!" akasema fundi mmoja, wakacheka, na Babu akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena akaifuta. Mimi nilikuwa palepale nimeshika pasi, nikaendelea kunyoosha.

Shangazi amemwambia Jumamosi iwe siku yake ya mwisho, akapumzike. Halafu juzi Babu aliniita pembeni akanionyesha karatasi ya vipimo niliyoichapisha, akasema polepole, "Mjukuu wangu, hebu nisomee hapa. Ni macho yangu?" Nikamjibu, "Sijui, Babu."

Shangazi ananisifu kwa kila mteja, na Alhamisi nawasilisha kazi hii darasani, nikisema ukweli nitaonekana sijui kitu na pengine shangazi atanirudisha nyumbani. Je, nirekebishe kimyakimya bila kumwambia mtu?

Ni mimi, Ulimi Mzito.

JIBU

Ulimi Mzito, pole. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Kukosea ufunguo ni kosa la mwanafunzi, na mwanafunzi asiyekosea hajaanza kusoma. Kompyuta ilikuonya mara kumi na moja ukaipuuza mara kumi na moja. Hata hilo nakusamehe. Lakini mzee anakuuliza kama macho yake yamekwisha, wewe unayejua unamwambia hujui? Hapo haya imeishia, mwanangu, na uongo umeanza. Wewe unaogopa kuonekana hujui kazi. Yeye ameanza kuamini kwamba hawezi tena kazi yake.

Na kurekebisha kimyakimya kutamsaidia nani? Jedwali litakuwa safi, na Babu atakuwa nyumbani kwake akijipima macho kwa kuhesabu vidole.

Tena umesahau hesabu yako mwenyewe. Limeharibika gauni moja; wateja wengine kumi uliowafuta bado wako kwenye foleni ya mkasi. Kitambaa kikishakatwa hakiungiki.

Gazeti hili linatoka Jumatano. Usingoje jioni. Mwambie shangazi asimamishe ukataji sasa hivi. Ukishindwa kutamka, mpe ukurasa huu asome, lakini usikimbilie chumbani. Simama mbele yake mpaka afike mwisho. Babu alisemwa mbele ya mafundi, basi asafishwe mbele ya mafundi, si pembeni. Maneno yenyewe ni machache: "Babu, macho yako ni mazima. Mimi ndiye niliyefuta." Kisha kaeni wawili na daftari lake, mpitie wale kumi na mmoja, mmoja mmoja. Kila mteja mpe nambari yake ya karakana, ambayo hapewi mwingine. Simu ziweke kwenye jedwali la pembeni, hata watano watumie moja. Yule mama wa gauni mwende kwake wewe na shangazi, mkamwombe radhi mlangoni pake.

Kesho darasani wasilisha kosa lako kama lilivyo. Mhadhiri akikupunguzia alama, apunguze.

Siahidi kwamba shangazi hatafoka. Atafoka. Msikilize mpaka amalize, usilie, usijitetee. Akinyamaza, mwulize kuhusu Jumamosi ya Babu, na usiondoke hapo bila jibu.