Kadi za Mstari Mwekundu

Baba Nusura,

Chai iko kwenye chupa. Mpeleke Nusura kwa dada yangu Bugolobi, leo leo.

Nilikueleza, ukacheka: kazini tunazo programu mbili za mishahara ya askari, mpya na ya zamani, kwa kompyuta moja, kila moja imetobolewa kwenye kadi zake za karatasi ngumu. Kadi za mpya zina mstari wa buluu. Za zamani, mwekundu. Hizo nikazileta nyumbani zisichanganyike. Wewe ukazifanya za kuwashia sigiri ya makaa!

Leo mpya imegoma. Ukiwa msikitini, askari wamekuja hapa nyumbani kuchukua kadi za zamani, wakakuta boksi tupu. Wakauliza nani kazichoma. Nimesema mimi. Wamenipa nafasi ya kuvaa viatu tu; haya naandika kwa kujificha.

~~Nitarudi jioni.~~ Msiniwekee chakula.

Kadi hii ninayoandikia, niliyoiokota kando ya sigiri, ndiyo nyekundu ya mwisho. Ukishasoma, washia sigiri. Umeshazoea.

Mama Nusura