Turubai la Msiba wa Bibi

Iramba,
Jumapili mchana.

Kwako Dada Ritha,

Shikamoo dada. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si mchungaji, si rafiki, wala Mama ninayelala naye chumba kimoja. Nimelibeba tangu msiba wa Bibi. Nimeona nilitaje kabla hata ya kukujulia hali, kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitajaza karatasi yote kwa salamu, halafu nijidanganye kwamba nimekuandikia. Basi ujue lipo na linakuja, nisiporudi nyuma.

Haya, u mzima? Chuo kinaendaje huko Dodoma? Kile kifua kilichokuwa kinakubana kipindi cha vumbi kimepona? Sisi huku ni wazima kwa maana ya kupumua. Mama ni mzima ila amekonda, kitenge chake cha kanisani siku hizi kinamzunguka mpaka mgongoni. Mvua zimekuja vizuri, mtama umepita magoti. Mimi nasubiri matokeo ya kidato cha nne, na watu wakiyataja tu natoka nje.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu uliizuia namba ya Mama kwenye simu yako, na mimi simu sina. Hata ningekuwa nayo, unanijua. Ungeniuliza kuna nini, ningekujibu hamna kitu dada, kisha ningekata. Barua hii ataibeba Magreth wa dukani, anakuja huko kesho kufuata mzigo.

Maneno uliyoyasema siku ya kumzika Bibi, kwamba Mama amemuuza marehemu kwa kivuli cha turubai, bado yapo hapa kijijini. Watu wanayarudia wakiwa kisimani. Yale uliyowaandikia wenzako wanaharakati, kwamba wasimwamini tena Mama kwa kuwa amenunuliwa, Magreth alinionyesha kwenye simu yake. Tangu hapo hakuna hata mmoja wao aliyerudi huku kutuuliza habari ya maji. Sikulaumu dada. Uliona ulichokiona. Ila hukuona chote.

Unakumbuka kikundi kilivyoanza jikoni kwetu, ukiwa likizo. Wewe ndiye uliyewaeleza akina mama kwamba bwawa la mtambo wa kuchenjulia dhahabu, alilolichimba Bwana Leonidas juu ya kisima chetu, lina sumu ya sayanaidi, na likifurika itashuka yote kwetu. Kila mmoja akaleta kibaba cha mtama, ukauzwa, ikapatikana nauli ya kwenda kulalamika wilayani. Fulana hawakuwa nazo. Kelele walikuwa nazo.

Wengi walitegemea Bwana Leonidas atakuja kwa ukali. Alikuja kwa adabu. Aliwaamkia wazee wote, akakaa kwenye kile kigoda chetu chenye mguu mbovu, akasema hata yeye ni mwanaharakati, anapenda wanawake wanaojitambua. Baadaye zikaja fulana, ikaja spika, kikaja chumba cha ofisi. Chama nacho akakiezekea tawi kwa bati jipya, na katibu akaanza kuonekana na pikipiki. Sijui ni lini watu waliacha kumwita jina lake wakawa wanamwita Mfadhili. Wimbo wa kikundi uliokuwa unataka bwawa liondoke uliwekwa pembeni, ukaimbwa wa kumshukuru kwanza, na ule mwingine haukupata nafasi tena. Mama alipouliza habari ya bwawa itarudi lini, Yasinta mwenyekiti, shoga yake tangu usichana, alimjibu kwamba ng'ombe hukamuliwa akiwa ametulia, ukimchapa anaruka na kibuyu. Mama akamwambia, shoga, tazama vizuri, hapa anayekamuliwa ni sisi. Walicheka wote wawili. Ilikuwa mara ya mwisho kuwaona wakicheka pamoja.

Samahani, nilikuwa nimeifunika karatasi kwa ungo. Nilisikia hatua, kumbe ni mbuzi.

Kuna siku wewe hukuwepo. Bwana Leonidas alileta wageni wawili kutoka ng'ambo, wa shirika linalochangia vikundi vya wanawake, na mimi nikaitwa kutafsiri kwa sababu ya Kiingereza changu cha kwa masista. Unajua ninavyoogopa kuongea mbele za watu. Wageni waliuliza akina mama wanaogopa nini kuliko vyote. Mama akasimama akaeleza bwawa, kwa utulivu kabisa, akataja na ukuta wake unavyovuja. Bwana Leonidas akaniinamia huku anatabasamu, akaniambia mwanangu, wageni wamechoka, fupisha. Nikafupisha. Niliwaambia kwa Kiingereza kwamba wanaogopa umaskini, wangependa vyerehani. Wageni wakaandika. Vyerehani vikaja kweli, vipo ofisini vimefunikwa, hakuna anayejua kushona.

Mama hakujua nilichosema. Alinishika bega tukiwa njiani, akasema umetusaidia sana leo.

Baada ya hapo ndipo alipoamua kuchukua fomu ya udiwani kupitia chama. Alisema kikundi kimeshalala, labda akiwa ndani ya baraza la madiwani ataweza kuuliza swali lake akiwa amesimama mahali ambapo ni lazima ajibiwe. Aliyeshindana naye alikuwa Gerald, yule mtunza stoo wa mtamboni, ambaye hata kuamkia watu ilikuwa shida kwake. Ghafla Gerald ana gari la matangazo, na wajumbe wanaalikwa nyama choma kila jioni. Hata hivyo dada, Mama alikuwa anapendwa. Wajumbe walikula nyama ya Gerald, kisha wakapita kwetu wakisema Mama Ritha usijali, nyama ni ya tumboni, kura ni ya moyoni.

Ndipo Bibi akafariki, wiki chache kabla ya kura za maoni za chama.

Unaijua asubuhi ile, ulikuwa ndio umeshuka kwenye basi. Jua kali, upepo unachota vumbi unawamwagia waombolezaji machoni. Halafu likaja lori la Bwana Leonidas na lile turubai la bluu, jina lake limeandikwa pembeni kwa herufi kubwa, na viti, na ng'ombe wa kuchinja, na mpiga picha. Watu wakaingia kivulini wakishukuru. Wewe ulibaki juani. Mama alitoka ndani akaliangalia turubai kama mtu anayeangalia nyoka kitandani, lakini msiba ni wa watu wote, hakuna mfiwa anayewafukuza waliokuja na msaada. Alirudi ndani akalia upya. Wewe ukasema uliyoyasema, ukaondoka kabla kaburi halijafukiwa.

Siku ya kura nilikwenda naye, nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Gerald aliongea kidogo, akasema anaomba kura, akakaa. Mama akasimama. Alianza na maji. Watu waliinama mbele vitini, wanataka kusikia. Alipotaja bwawa tu, Mzee Leonard wa upande wa Baba akainuka na fimbo yake. Alimwita mkwe wangu, kwa upole. Alisema anauliza kwa heshima: mkwe wangu, lile turubai ulilolilia chini yake, machozi yameshakauka? Wengine wakaguna. Akaendelea kwamba matanga ya marehemu hayajaanuliwa, na sisi Wanyiramba aliyekusaidia kuzika humsemi hadharani wakati udongo wa kaburi bado mbichi, hata kama ni mbaya wako. Kisha akamalizia, na wala Mfadhili hakukulazimisha, ulimwomba wewe mwenyewe kwa simu yako, tumeonyeshwa.

Mama alifungua mdomo. Nilimwona anataka kusema si mimi. Aligeuza macho taratibu, yakapita juu ya vichwa vya watu mpaka nyuma, yakanifikia, yakakaa hapo. Kisha akafunga mdomo. Alimjibu Mzee Leonard kwamba amemsikia, akawaomba radhi wajumbe, akakaa chini. Watu walitazamana. Mwanamke ambaye hajawahi kukosa neno! Gerald alishinda hata wanaohesabu wakaona haya.

Gerald akaupata udiwani wenyewe, na bwawa likabaki. Mvua za mwezi uliopita zikaubomoa ukuta upande wa chini, maji yakashuka na rangi yake mpaka kisimani. Ndama walianza kufa, wanapiga magoti kama wanaosali. Gerald aliletewa malalamiko, akasema atayafikisha. Alhamisi iliyopita akafa Derick, mjukuu wa Yasinta, yule mtoto mnene uliyekuwa unambeba mgongoni. Aliugua tumbo tangu usiku, akafariki wanatafuta usafiri. Hakuna aliyetaja maji kwa sauti.

Nawe unadhani msibani kulikuja nini? Lilikuja turubai. Lile lile la bluu, na jina lake, na mshono upande uliochanika kwetu kwa upepo. Yasinta amekaa chini yake, uso umemvimba, na viti vya Mfadhili, na ng'ombe wa Mfadhili. Mzee Leonard amekaa mstari wa mbele. Sasa ni zamu ya Yasinta kunyamaza mpaka matanga yaanuliwe, na yakianuliwa atakufa mwingine. Mama amekataa kuingia kivulini. Tangu Alhamisi anashinda juani pembeni ya jiko, anachochea uji, watu wanapita wanamwambia Mama Ritha utaumwa kichwa, sogea huku. Anasema kichwa ni chake. Hata sasa ninapoandika yuko huko.

Dada Ritha, lile turubai la Bibi nililiomba mimi.

Nilitumia simu ya Mama. Yeye alikuwa anamwosha Bibi. Nilimwandikia Bwana Leonidas kwa jina la Mama kwamba tumefiwa, jua ni kali, tunaomba turubai. Hayo mengine, ng'ombe na lori na mpiga picha, aliyaongeza mwenyewe. Ningeweza kukwambia niliwaonea huruma waombolezaji kwa lile vumbi, na ungenisamehe, kwa sababu unaniona bado mtoto. Lakini haikuwa vumbi.

Siku chache kabla Bibi hajafa, nikitoka shule, kijana mmoja alinisimamisha kwenye lile korongo. Alikuwa na pikipiki, simfahamu. Alinisalimia vizuri, akanipa pole ya masomo. Akasema mdogo wangu, mwambie mama apumzike, siasa zinachosha, na nyie mnalala wanawake watupu, mlango wenyewe wa mbao laini. Akaniambia nisome kwa bidii. Akaondoka. Sikumwambia Mama. Usiku huo sikulala, na usiku uliofuata sikulala, nilikuwa naushika ule mlango kwa mkono nausukuma kuona kama kweli ni laini.

Bibi alipofariki, nilikaa karibu na mwili wake, na wazo likanijia likiwa limekamilika kama limetumwa. Nilijua mila. Bibi ndiye aliyetufundisha, kwamba aliyekuzikia mtu wako humsemi mpaka matanga yaishe. Nilijua matanga hayataisha kabla ya kura. Nilijua kwamba Bwana Leonidas akitusaidia kuzika, Mama atalazimika kukaa chini, na akikaa chini hatutachomewa nyumba. Nilitaka Mama ashindwe, dada. Niliomba kwa Mungu ashindwe, kisha nikamsaidia Mungu.

Na Mama anajua. Simu ile tunaishika wawili tu. Siku ile ukumbini angesema si mimi, kila mtu angejua ni nani, wangeniinua pale mbele ya chama kizima nieleze. Kwa hiyo aliuchukua ule uongo wangu akauvaa yeye. Hajaniuliza mpaka leo. Ananipakulia chakula, ananiamsha asubuhi, ananiombea nifaulu. Wewe umemwita mwanamke aliyenunuliwa, na yeye hakukujibu kwa sababu kukujibu ilikuwa ni kunitaja mimi. Tunalala chumba kimoja na jambo hili limelala katikati yetu, kila mmoja anaogopa kugeuka asiliguse.

Sikuombi uniombee msamaha. Nakuomba uifungue namba ya Mama. Mpigie, mwite Mama, useme lolote, hata habari za mvua. Na wenzako waambie warudi huku na watu wa kupima maji, kabla hatujazoea. Waambie aliyeuza si yeye.

Nisalimie Amne unayekaa naye, mwambie sketi aliyonipa imenikaa vizuri. Majirani wote wanakusalimu, hata wanaokusema. Bibi tumempandia maua, mbuzi wameyala, tutapanda mengine. Mungu akulinde na kifua hicho.

Ni mimi mdogo wako,
Aneth.

Dada, nilishaweka kalamu chini. Nasikia ndala za Mama uani, ile ya kushoto iliyofungwa kwa waya inaburuta. Ananawa miguu. Mkono wangu umeshaushika ungo ili nifunike kama nilivyofunika mchana kutwa. Nauweka chini. Naiacha karatasi hapa mezani, maandishi yakiangalia juu. Ikikufikia, ujue Mama ameisoma kwanza.