Kidole cha Chuma

Jumapili, 2 Machi 2025

Tumeamka. Baba Kabula mzima, kaenda kanisani na shati jeupe. Shemeji Masolwa mzima, na maksai wake wanne wazima. Mdogo wangu Elieth mzima, jino limetulia. Kabula mwanangu mzima, na aliye tumboni anacheza. Kuku wazima. Mimi mzima kwa nje. Mgonjwa ni gari.

Jana mkwe wetu Godbless alikuja kutoka Tura kumpeleka mkewe kliniki. Kabula yuko kwetu mpaka ajifungue, mimba ya kwanza inalelewa kwa mama. Mkwe akawasha gari la baba Kabula, akaweka D. Gari likanguruma kama lori la pamba — halisogei! Akaongeza mafuta. Likaruka, likajikokota mpaka kwenye mashine ya kusaga, likafia hapo. Kabula na tumbo lake akarudi kwa miguu.

Baba Kabula akatoka na mswaki mdomoni. Umeniulia gari langu! Mbele ya watu wote wa mashine. Mkwe akasema, baba, hata barabarani sijafika. Akaambiwa asikanyage hapa mpaka alitengeneze. Mke hatoki, mtoto hatoki.

Akapanda pikipiki, akaenda. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Kwetu mama mkwe hasimami akaongea na mkwe wake, ni aibu. Nikabaki nimeshika kitasa.

Lakini Alhamisi naikumbuka.

Jumatatu, 3 Machi

Niandike ya Alhamisi kabla sijaambiwa nimeota.

Tulikuwa tunatoka Nzega, mimi na baba Kabula. Mvua. Tukanasa mbugani, tope jeusi mpaka kwenye bampa. Masolwa akaja na maksai wake, akafunga mnyororo. Baba Kabula akataka kutoa gia kwenye P. Masolwa akapiga kelele — acha hapo hapo! Mbele mteremko, likichomoka litanivunjia ng'ombe miguu!

Ng'ombe ni wake. Gari ni la mdogo wake. Baba Kabula akatii, maana Masolwa ni kaka yake mkubwa.

Miluzi, viboko. Maksai wakapiga magoti. Magurudumu ya mbele hayazunguki, yanaburuta tope tu. Halafu — kaa! Kama mfupa unaovunjika. Gari likawa jepesi, likaanza kujiendea lenyewe. Watu wakashangilia.

Nikasema kuna kitu kimevunjika. Baba Kabula akasema ni mnyororo. Mnyororo ulikuwa mzima! Nilikuwa nautazama. Likatufikisha nyumbani likikwaruza.

Jumatano, 5 Machi

Fundi Sadiki wa hapa hapa Ziba kaja. Kachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, kanusa, kanipa na mimi ninuse. Ukoko ulioungua! Oili inatakiwa iwe nyekundu, hii nyeusi. Akaweka gia kwenye P, akalisukuma gari kwa makalio. Likaenda. Akacheka: mayu, mama yangu, hata P imeshawaaga. Maana P kazi yake ni kulishika gari lisitembee. Anasema ya ndani yeye hafungui, lipelekwe Tabora.

Nikamtazama baba Kabula. Yeye akatazama kuku.

Masolwa akatoa lake: gari lisilo na klachi ni kama mke asiyejibu, hujui kanuna au kalala. Wote wakacheka. Kabula hakucheka. Kanionyesha ujumbe wa mumewe: "Kwenu wakisema ukweli nitakuja. Wasiposema usiniite." Akaniuliza, mama, Alhamisi si ulikuwepo? Baba yake alikuwa ananawa mikono. Nikasema, kula mwanangu, chakula kinapoa.

Chakula! Ndicho nilichopata kusema.

Ijumaa, 7 Machi

Tabora. Gari juu ya lori, sisi mbele na dereva. Nilisema lazima niende, nikasingizia macho.

Fundi wa magari ya otomatiki anaitwa Ammar, kijana wa Kiarabu, mwenye maneno mengi ingawa amefunga na midomo imemkauka. Kafungua bakuli la chini la giaboksi. Oili ikamwagika kama lami. Ndani kuna sumaku, imeota ndevu za chuma. Akapekua kwa kidole, akatoa kipande kama jino la mbwa.

Akatueleza. Ndani kuna kidole cha chuma, ukiweka P kinaingia kwenye meno na kushika. Hiki kimekatika, vipande vimezunguka humo vikala vingine. Mzee, hili liliburutwa likiwa kwenye P. Mlifunga nini? Hili gari mzee, siyo plau la kulimia!

Nikangoja. Sasa atasema, nikawaza. Mahali pa ugeni, hakuna wa kumcheka.

Baba Kabula akasema: ni mkwe wangu. Vijana wa siku hizi.

Hivyo hivyo. Wala hakumeza mate.

Ammar akanigeukia — mama, mkwe wenu ana nguvu, mpeni plau! Wakacheka wote wawili.  

Kile kipande nikakiomba. Cha nini, akauliza baba Kabula. Nikasema ukumbusho wa Tabora. Kiko kwenye pindo la kanga yangu. Kinanichoma nikikaa.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao cha ukoo Jumatano. Wazee wanataka ndoa ivunjwe, mkwe ni mharibifu, mtoto akizaliwa awe wa kwetu. Na mwenyekiti nani? Masolwa!

Tulipobaki wawili nikamwambia baba Kabula: ule mlio uliusikia.  Akasema, unataka kaka yangu aaibike kwa ajili ya kijana wa Tura? Watu watasahau.

Watu ndiyo. Kabula je? Miguu imemvimba, analala na simu kifuani kama mtoto.

Jumanne, 11 Machi

Uchungu umeanza tangu alfajiri, wa mbali mbali. Elieth kaenda kumtafutia usafiri. Mkunga anamkanda mgongo.

Nimechukua simu ya Kabula, nimejifungia chumbani. Nimebonyeza pale pa sauti. Mimi, niongee na mkwe!

Nimesema: Godbless, baba, ni mimi mama yake Kabula, usishtuke. Elieth anakusalimu. Mkeo anakusalimu, uchungu umemwanza. Gari hukuharibu wewe. Liliburutwa na maksai wa Masolwa, na baba mkwe wako ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Kilichovunjika ninacho mimi. Kesho nitakiweka mezani mbele yao, wakitaka wanifukuze. Wewe njoo kwa mkeo leo.

Zimetokea tiki mbili. Bado hazijawa za bluu, hajafungua.

Baba Kabula yuko mlangoni. Unaongea na nani humo? Kitasa kinazunguka.  Kabula analia huko nyuma, sasa ni kilio kweli.

Nimebonyeza tena: nijibu upesi, baba. Hata neno moja. Upesi.