Chujio la Mama

Alhamisi, mvua tangu alfajiri. Makaa yamelowa, na mimi sina raha.

Shajara yangu, naona aibu kuandika haya, ila nikiyameza yatanikaba.

Mama hasemi wala hamezi tangu alipopooza upande mmoja. Anakula kwa mpira mwembamba unaopita puani hadi tumboni. Manesi wanauita sonde. Kwa hiyo ana vyombo vyake: kinu kidogo, chujio la matundu madogo kabisa, chupa ya kioo yenye kifuniko, na sirinji kubwa ya kusukumia. Nesi alinionya kwamba ni vya mgonjwa peke yake, vichemshwe kila mara, na uji usilale maana friji hatuna. Natwanga soya na samaki mkavu, napika uji mwepesi, nachuja mara mbili, nasukuma polepole.

Halafu vyote navifunika kwa kitenge, majirani wasivione. Mama yangu ndiye aliyekuwa akiitwa kuonja masufuria kwenye arusi za hapa mjini Kasongo. Bila ulimi wake pilau haikupakuliwa. Nitawaambiaje watu kwamba sasa anakula kwa pua? Wakiuliza, nasema anakula vizuri, amelala.

Jana jioni, Mama alipokwisha kula, jirani yetu, Mama Zuena, akasimama mlangoni. "Dada, unipatie kwanza chujio. Yangu imetoboka, na niko natwanga pilipili ya arusi."

Kwetu jirani hanyimwi chombo. Kumnyima kungetaka maelezo, na maelezo ndiyo niliyokuwa nikiyakimbia. Nikampa.

Usiku akalirudisha likimeta. Leo asubuhi makaa yaliwaka kwa shida, uji ukachelewa kuiva, nikaona uvivu kulichemsha. Nikalimwagia maji ya uvuguvugu, basi.

Sirinji ya pili haijaisha, Mama akaanza kujikunja. Mkono wake mzima ukaushika mpira. Nilidhani ni ukaidi wa wagonjwa. Nikamwambia, "Mama, muache basi, niko na kazi mingi." Nikauondoa mkono wake.

Nikaendelea kusukuma.

Niliacha nilipoona machozi. Tone lilikuwa limebaki kwenye kidole changu, nikalilamba. Pilipili.

Nilimfuata nesi mbio, mvua yote mwilini. Alipitisha maji safi kwenye mpira, akakaa na Mama mpaka tumbo likatulia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Haukuonja?"

Sikuonja. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha kutompa mtu chakula kabla ya kutia tone kiganjani na kulionja. Tangu chakula chake kianze kupita puani, sijakionja hata siku moja. Nilikiona kitu cha kupitisha kwenye mpira, nikasahau kuna mtu upande wa pili. Tena mtu yule, mwenye ulimi ule.

Mchana nilimwita Mama Zuena, nikafunua kitenge, nikamweleza yote, hata uvivu wangu.

"Mwezi muzima unatuficha mama yetu?" akasema. "Pilipili ni yangu, lakini ile kitenge ni yako."

Akaingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwamkia Mama kwa adabu kama zamani, akamwomba msamaha. Mimi nilibaki mlangoni.

Jioni nimechemsha kila chombo mpaka makaa yameisha. Nilipomkaribia na sirinji, Mama alifunika mpira kwa kiganja. Sikumlazimisha. Nilitia tone kiganjani mwangu mbele ya macho yake, nikaonja. Chapwa kabisa, na nikamwambia hivyo.

Alinitazama sana. Kisha akaondoa mkono, lakini hakuupeleka mbali. Ulikaa pale shavuni, karibu na mpira, mpaka sirinji ya mwisho.

Sijui utakaa pale siku ngapi.