Lengo Lenye Jina Lako

Sekei,
Arusha.
8 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Irine,

Za huko Songea? Umeshazoea bweni na chakula chake? Mama mdogo alituambia uliugua homa mwezi uliopita. Naomba uwe umepona kabisa. Sisi wazima, ila mafua hayamwachi Baba. Asubuhi hizi Meru inaonekana yote, nami nakumbuka ulivyokuwa ukitoka kwenu kuja kunigongea dirisha nikaitazame, nikikununia.

Mdogo wetu Fanuel yuko darasa la tano. Aliambiwa aandike malengo ya mwaka, akaandika moja tu: kula nyama kila Jumapili. Mama alicheka, kisha akamwambia aongeze na kuosha vyombo.

Hata sisi kidato cha tatu, Mwalimu Gerson wa hesabu ametupa karatasi yake ya kila mwaka: malengo matatu, ubandike juu ya kitanda. Mkono ukawa mzito. Unajua kwa nini, nami nimechoka kujifanya sijui.

Oktoba ulifungua daftari langu ili unielekeze swali la hesabu, ukakuta nimeandika, "Lengo langu: Irine ashuke, mimi nipande." Niliandika mimi, kwa mkono wangu, siku Baba aliposema mbele ya wageni kwamba akili ziko kwenu. Niliyemkasirikia ni Baba, nikamalizia kwako. Wewe ulinielekeza lile swali mpaka mwisho, ukafunga daftari, na hukukaa tena meza moja nami. Afadhali ungenitukana. Desemba mkahama bila kuniaga, nami nilistahili.

Krismasi tulipokwenda Machame nilimweleza Bibi Kaanaeli yote. Nilitegemea anichambe. Badala yake akaenda ukingoni mwa shamba, akachuma jani la isale, lile la kuombea msamaha kwetu, na kulipiga fundo. Alisema kosa kama hili haliombewi radhi kwa simu, na kwa kuwa mtoto hapeleki isale peke yake, nikuambie limetoka mkononi mwake. Nililiweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Kila Jumapili naliona, naahirisha. Woga tu.

Kisha matokeo ya kidato cha pili yakatoka. Nimekuzidi, Irine. Wewe wa A ya hesabu umepata C. Nilitoka mbio na habari zangu mpaka getini kwenu, maana wewe ndiye wa kwanza ninayemwambia, nimesahau kwamba mmehama, nikakuta wapangaji wapya wanaanika nguo. Nikasimama pale. Ulishuka kweli, nami nikapanda, na sijawahi kujisikia vibaya vile.

Sasa isale limo ndani ya bahasha hii. Limekauka, lakini fundo lipo. Najua kwetu anayeletewa isale hakatai, ila sitaki unisamehe kwa sababu ya mila tu. Kama bado inauma, likae hata mwaka mzima, nitasubiri. Nisamehe, ndugu yangu.

Wasalimie Baba mdogo Nathanael na Mama mdogo wakija kukuona. Bibi anakutaja katika sala kila jioni, na Fanuel anasema usirudi mikono mitupu. Mungu akutunze huko ugenini, akupe na usingizi mzuri.

Nilitaka kusahau: karatasi yangu ina malengo mawili. Nipate B ya hesabu, na niulize darasani nisipoelewa, kwa kuwa aliyekuwa akinielewesha hayupo. La tatu nimeliacha wazi. Nataka kuandika kwamba likizo ya Juni tutakaa tena meza moja kwa Bibi, tufanye hesabu. Lakini jina lako sitaliandika tena kwenye karatasi yangu mpaka wewe uniruhusu.

Ni mimi nduguyo, niliyekupenda hata nilipofanya ujinga,

Aika