Mlango wa Mama Kerubo

Mjukuu wangu Moraa,

Huku nyumbani tunapumua. Kikohozi cha babu yako kimepungua, na majani chai yameanza kutoka tena. Umeniuliza kama mhame hapo mtaani ili serikali iwajengee nyumba mpya. Sitakuamulia, ila nikueleze yaliyompata jirani yetu, Mama Kerubo.

Miaka ya sitini, nikiwa msichana, tuliishi vibandani karibu na Daraja Mbili. Wakubwa wa mji walisema tukibomoa vibanda tutarudi kwenye nyumba za mawe. Kila mtu alibomoa chake akishangilia. Mama Kerubo, mjane, ndiye aliyetangulia kung'oa mabati.

Nyumba za mawe zilipokwisha kujengwa, alifika na godoro kichwani. Mke wa karani wa mji akafungua mlango.

"Hii ni nyumba yangu," Mama Kerubo akasema.

"Mama, tumepewa sisi."

Hakugombana. Aliketi barazani, mvua ikamnyeshea. Majirani wote, ambao nasi hatukupewa nyumba, tukaja tukaketi naye, mpaka askari wakatufukuza. Mwishowe alifia huko Nyakoe, kwenye chumba cha kupanga.

Moraa, siku ile ndiyo tuliyosimama pamoja mara ya kwanza, na wakati huo hatukuwa tena na kibanda ambacho tungekataa kukibomoa.

Mungu akulinde.

Nyanya yako,
Bosibori