Nani Amelipia Jina la Doudou?

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi. Vidole havitaki kuandika. Jumamosi tunaondoa matanga ya Doudou, Mama atavua nguo nyeusi baada ya karibu miaka miwili. Mdogo wangu alikwenda Kambove kupiga picha za wachimbaji, shimo likaporomoka, maiti haikuonekana. Basi.

Imebaki tovuti yake ya picha za harusi. Jina lake la intaneti alilinunua mwenyewe kwa miaka miwili, linaisha 20 Juni. Likiisha nitalichukua mimi kabla mgeni hajalidaka. Kila asubuhi kazini naandika whois na jina lile, kompyuta inaniambia linaisha lini. Leo — amri haijulikani! Alexis, mwenzangu wa meza ya pili, alisafisha kompyuta zote kwa apt, amri ya kuweka na kufuta programu, akaondoa kila alichoona hakina kazi. Nimemfokea. Anasema programu yenyewe ni ndogo, niirudishe tu. Kwa mtandao gani? Umekatika tangu saa nne!

Jumatano, 11 Juni

Mtandao umerudi. sudo apt install whois — sekunde chache tu, programu ikarudi. Nikaandika jina.

Mwisho: 20 Juni 2027.

Ijumaa iliyopita ilikuwa 2025! Chini yake: limebadilishwa jana.

Jana.

Nikajiambia programu ni mbovu. apt purge, nikaifuta. apt update. Nikaiweka upya, jibu lile lile. Nikaifuta tena, nikairudisha tena. Alexis akauliza programu imenikosea nini. Jina la mwenye tovuti limefichwa, hiyo ni kawaida. Tarehe haikufichwa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemweleza Alexis yote. Kwanza akasema jina likiisha, kampuni zinazosajili majina huongeza mwaka zenyewe. Nikapumua. Kisha akatikisa kichwa: "Lakini ile inafanyikaka kisha tarehe kupita. Huyu amelipa mbele, tena miaka mbili. Ni muntu, Ngalula. Muntu mwenye kuwa na mot de passe."

Neno la siri alikuwa nalo Doudou peke yake. Hakuwa na kadi ya benki. Alilipa kwa simu, mwenyewe, kila mara. Na simu ilipotelea shimoni pamoja naye, ndivyo tulivyoambiwa. Mwizi? Mwizi gani analipia jina la mpiga picha wa harusi? Na kama yu hai, mbona hakumpigia Mama? Hata siku moja! Nina furaha, na nina hasira za kumzaba makofi. Siwezi kukaa kitini.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda kwa baba mdogo Liévin, ndiye anayesimamia matanga. Alinisikiliza akiwa amesimama katikati ya magunia ya unga. "Mutoto wangu, bantu yetu ya Kasai bamekwisha kufika na train. Niende kubaambia nini — ordinateur yako ya kazi imekatala?" Halafu kwa sauti ya chini: "Usimupasule mama yako mutima mara mbili."

Anasema kweli, na sitaki iwe kweli. Nimeandika kwa anwani ya zamani ya barua pepe ya Doudou: Ni wewe? Barua haikurudishwa. Haikujibiwa pia.

Jumamosi, 14 Juni — saa tatu asubuhi

Alfajiri nimepitia kazini, nimeuliza whois tena. 2027.

Uani kumejaa. Mama amekwisha kuoga, ameketi na kitenge kipya cha bluu magotini, anangoja ruhusa ya kukivaa. Ameniambia usiku wa leo atalala usingizi. Sijamwambia kitu. Mimi ndiye yaya, dada mkubwa, mimi ndiye nitakayesoma neno la familia. Baba mdogo ameshaniletea karatasi. Inaanza: Marehemu Doudou, mpendwa wetu.

Nimekimbilia chumbani, eti natafuta miwani. Baba mdogo anagonga mlango. "Ngalula, bantu banakungoja!"

Nimelikata kwa kalamu neno la kwanza, Marehemu: sitalisoma. Karatasi imetoboka.

Mlango unagongwa tena. Sasa ni sauti ya Mama, anauliza kuna nini —